Mama Kandida Anatoa Mkono

Usiku wa kuamkia Jumatatu hii niliota tuko kwenye kikao chetu cha picha, na mwenyekiti ni kibanio cha nguo.

Hakuna aliyeshangaa. Kilikuwa kibanio cha mti, cha zamani, kimekaa kwenye kiti cha kaka Ditram na miguu yake miwili inaning'inia, haifiki chini. Kimevaa miwani. Kaka Ditram mwenyewe, ambaye siku zote ndiye mwenyekiti wetu na ndiye mwenye studio, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katulia kama mgeni.

"Tuanze," kibanio kinasema. "Kuna ambaye hajatundika?"

Naomba nieleze kidogo. Sisi ni watu saba hapa Mbinga tunaopenda kupiga picha. Kila Jumamosi mchana tunakutana kwenye chumba cha nyuma cha studio ya kaka Ditram. Tunafunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa kalenda, na kila mmoja anatundika picha yake moja kwa kibanio. Halafu tunaambiana. Utaratibu ni kwamba kwanza unasema zuri, pili unasema kasoro, tatu unasema dawa ya hiyo kasoro. Mwenye picha hasemi kitu mpaka wote wamalize. Wenzangu wana kamera zenye lenzi kubwa kama birika. Mimi nina simu, na kazi yangu hapo studio ni kukata picha za pasipoti kwa mkasi. Shule nimeishia darasa la saba. Kwa hiyo zamu yangu ikifika nasema, "Hongera, picha nzuri," kisha namgeukia anayefuata, na yeye anaelewa kwamba nimemaliza.

Sasa turudi ndotoni.

Picha ya kwanza ni ya kaka Ditram. Maharusi wako kanisani, wamejaa kwenye picha mpaka pembeni, kichwa cha bwana harusi kinagusa juu.

Alanus, ambaye hupiga picha za ndege tu, anakohoa. "Zuri, gauni linaonekana uzi kwa uzi. Kasoro, picha haina hewa."

Anapomaliza kusema hivyo bibi harusi anaanza kuhema. Bwana harusi analegeza tai. "Tumo humu toka Pasaka," anatuambia. "Mlikuwa mnangoja nini kusema?"

"Tulikuwa tunaangalia gauni," Alanus anamjibu.

"Dawa," kibanio kinadai.

"Mpigaji arudi nyuma hatua mbili."

Kaka Ditram anainuka kwenye ndoo, anarudi nyuma hatua mbili, anapita ukutani. Maharusi wanapata pumzi. Tunasikia sauti yake kutoka nje, "Hapa panatosha?" Panatosha. Kikao kinaendelea bila yeye.

Picha ya pili ni ya Alanus, ndege mdogo katikati ya majani mengi. Mtu mmoja anasema kasoro yake ni kwamba jicho linapotea. Alanus anajishika usoni. Kweli, jicho lake la kulia halipo. Tunatafuta chini ya viti, tunainua mkeka, na mwisho tunalikuta kwenye kona ya picha, nyuma ya jani, limejikunyata.

"Nilimfuata ndege," jicho linasema. "Nikafika huku nikakuta hakuna njia ya kurudi."

"Pole," tunaliambia. Alanus analipangusa kwa shati na kulirudisha mahali pake.

"Winfrida," kibanio kinaita. Ni mimi. "Picha hii ya tatu, tuambie."

Picha ya tatu ni ya rafiki yangu Osmunda Hyera. Inamwonyesha mama yake mzazi, Mama Kandida, amesimama kwenye mlango wa jiko lake. Mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, mkono mwingine ameunyoosha mbele, anamwamkia mtu. Osmunda amekaa chini ya picha hiyo, na midomo yake imebanwa kwa kibanio kidogo cha plastiki, cha bluu. Ananiangalia. Ana macho ya mtu anayetaka kuuliza kitu.

"Mwenye picha hasemi," mwenyekiti anatukumbusha.

Nasema, "Hongera, picha nzuri."

Mwenyekiti anaandika. Kisha ananipa sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. "Peleka msibani," anasema.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu.

Picha hii ilitundikwa mara ya kwanza kabla ya Kwaresma, Mama Kandida akiwa mzima, tena mwenye nguvu zake. Siku hiyo kaka Ditram alinikazania. "Winfrida, leo huponi," aliniambia. "Utasema hata kitu kimoja, la sivyo hatufungui soda." Nikaiangalia muda mrefu. Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea ukingoni mwa picha, kama anamwona mtu ambaye sisi hatumwoni. Nikasema, "Mama anaangalia nje ya picha. Angeangalia ndani ingependeza."

Osmunda akachukua simu yake, akagusa mara moja kile kimshale chenye vichwa viwili, picha ikageuka, kulia ikawa kushoto. Mama akaangalia ndani. Watu wakapiga makofi, na kaka Ditram akasema, "Mnaona? Mtu anakaa kimya mwaka mzima, kumbe ana jicho." Mimi nilikuwa sijapigiwa makofi tangu siku tuliyomaliza darasa la saba, na hata siku ile tulipigiwa wote kwa pamoja.

Mwezi wa nane Mama Kandida alifariki. Watoto wake wakakubaliana kwamba picha hiyo ndiyo ichorwe kwenye marumaru ya kaburi, maana nyingine zote yuko katikati ya watu, au amefumba macho. Wiki mbili zilizopita Osmunda aliniletea nakala kubwa nimkatie kingo kabla haijapelekwa kwa fundi huko Songea. Nikiwa nimeshika mkasi nikaona. Mkono anaoutoa ni wa kushoto.

Mama Kandida. Mtoto akipokea hata karanga kwa mkono wa kushoto, alimpokonya, akamwambia aanze upya. Siku moja nilimpa chumvi kwa kushoto kwa sababu kulia nilibeba ndoo, akanisubiri nitue ndoo. Mama huyo sasa anawaamkia watu kwa kushoto, na atachorwa hivyo kwenye jiwe, na kila atakayefika pale atapewa mkono huo.

Osmunda alikuwa amesimama pembeni yangu. "Sijui kwa nini, shoga yangu," alisema. "Nikimwangalia hapa naona kama si yeye. Labda macho yamechoka kulia."

Ningesema pale pale. Lakini ningesema, ningelazimika kusema pia nani alisababisha. Nikamwambia, "Picha nzuri. Pole, mdogo wangu." Nikakata kingo, zikanyooka vizuri sana.

Fundi alisema ataanza Jumatatu asubuhi, ili jiwe liwahi Misa ya marehemu.

Basi, ndotoni nimebeba sahani. Nafungua mlango wa nyuma wa studio na natokea moja kwa moja uani kwa Mama Kandida, ingawa ukitembea kwa miguu ni saa nzima na kuna mto katikati. Kila kitu kiko upande usio wake. Jiko liko kulikokuwa na choo, choo kiko kulikokuwa na jiko, na mlango unafunguka kwa upande wa bawaba. Hata jino langu linalouma limehamia upande wa pili.

Mama Kandida amesimama mlangoni, kama kwenye picha. Mbele yake kuna foleni ndefu ya watu waliokuja kumwamkia. Kila mmoja anafika, anaunyoosha mkono, anaona anachopewa, anaurudisha mkono wake mfukoni au ndani ya kanga, anapita.

Anafika bibi mmoja mfupi mwenye rozari shingoni. Namfahamu, ni Bibi Editruda, jirani yake, aliyefariki mimi nikiwa darasa la tatu. Walikuwa wanasuka mikeka pamoja.

Bibi Editruda anauangalia mkono. "Kandida," anasema, "dharau umeanza lini?"

"Si mimi, Editruda."

"Miaka yote hii nakungoja uje, umekuja, na hiki ndicho unachonipa."

"Ndicho kilichopo."

"Mimi nitakaa pale kwenye kivuli," Bibi Editruda anasema. "Ukipata kingine uniite." Anaenda kukaa, ametupa mgongo.

Zamu yangu inafika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Ananinyooshea kushoto, halafu mwenyewe anauangalia mkono ule kama mtu anayeangalia mbwa wa jirani. "Usiupokee. Simlaumu mtu akiuacha."

"Kwani wa kulia una nini?"

"Umeshika mlango. Kwenye picha umeshika mlango, basi umeshika. Nikiuachia nitakuwa kwenye picha nyingine, na huko sina mwenyeji."

"Na kula?"

"Nakula kwa huuhuu. Najificha nyuma ya mlango."

"Na ishara ya msalaba, mama?"

Anatazama chini. Anasogeza jiwe dogo kwa kidole cha mguu. "Nimeacha," anasema.

Namkabidhi sahani. Anafunua kitambaa. Ndani ni sahani tupu, safi, inang'aa.

"Ya thelathini na moja," Mama Kandida anasema, na anaiweka juu ya nyingine kwenye kichanja. Ni rundo refu. "Zote zimekuja hivi. Zimefunikwa vizuri, siwezi kusema uongo."

Osmunda anapita uani akiwapa wageni maji ya kunawa. Kibanio cha bluu bado kiko mdomoni. Akifika karibu na mama yake anasimama, anainamisha kichwa upande huu, anainamisha upande ule, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu anaendelea na maji. Anafanya hivyo mara tatu mbele ya macho yangu. Mara ya tatu mama yake anamwita, "Osmu, mwanangu," na Osmunda anageuka kuangalia upande wa pili, kulikokuwa kwa mama yake siku zote, na hakuna mtu.

Ndipo ninasikia, ko. Ko. Ko. Inatoka nyuma ya nyumba.

"Nini hicho, mama?"

"Jumatatu," anasema. "Inakuja."

Ko, na mgomba ulioko uani unakuwa wa jiwe, majani yake yote, hata lile lililopasuka. Ko, na beseni linakuwa jiwe pamoja na maji yaliyomo. Wageni wanasogea kidogo kupisha, kama watu wanaopisha fundi anayepaka rangi.

"Nani anageuza picha hapa?" nauliza.

"Yuko ghalani. Lakini ana vichwa viwili. Ukiuliza kimoja, kingine ndicho kinajibu."

Ghala liko juu ya miti, kama maghala yote ya mahindi. Napanda ngazi. Ndani kuna meza, na nyuma ya meza umelala mshale mmoja mrefu, kichwa huku na kichwa kule, vyote vimevaa kofia za karani. Mbele yake kuna daftari.

"Naomba picha igeuzwe," naambia kichwa kilicho karibu.

"Nani aliigeuza?" kile cha mbali kinauliza.

"Wewe."

"Mimi ni mshale. Mshale hauna maoni. Maoni yalikuwa ya nani?"

"Ya kikundi."

"Kikundi hakina mdomo," vichwa vyote viwili vinasema, na cha karibu kinalamba ukurasa na kuufunua kwa ulimi. "Winfrida. Darasa la saba. Maneno yako yote tunayo hapa, hayajajaza hata ukurasa. Picha nzuri, picha nzuri, picha nzuri, picha nzuri sana, hapo naona ilikuwa karibu na Krismasi, picha nzuri. Halafu hapa chini kuna moja peke yake. 'Angeangalia ndani ingependeza.' Ni lako?"

Nahesabu mistari ya ukurasa.

"Ni lako?"

"Ni langu."

"Ndilo neno lako pekee lililofanya kazi."

"Lilifanya vibaya."

"Lilifanya kazi," kichwa cha mbali kinasema. "Hayo ya vibaya yako kwenye daftari lingine."

Ko, kule nje. Mguu mmoja wa meza unakuwa jiwe. Mshale unauangalia, unavuta daftari mbali kidogo.

"Nifanye nini?"

"Neno linarudishwa na kinywa kilicholitoa, mbele ya mwenye picha. Zuri, kasoro, dawa. Usiruke."

"Na akikasirika?"

"Hatuna sehemu ya kujaza hiyo."

"Mimi sikusoma sana," nasema. "Wenzangu ndio wanajua kuongea. Labda kaka Ditram."

Vichwa viwili vinatazamana, ingawa mshale umenyooka na haviwezi kutazamana. Kisha kimoja kinaniuliza kwa upole kabisa, "Mkono wa kushoto na wa kulia wanafundisha darasa la ngapi?"

Nashuka. Kila ngazi ninayoikanyaga inakuwa jiwe nyuma yangu.

Uani, nusu ya wageni tayari ni mawe. Bibi Editruda ni jiwe mpaka kiunoni na bado ametupa mgongo. Mama Kandida ameanza miguuni. Osmunda anazunguka na birika lake, anamimina maji kwenye mikono ya mawe.

Namshika bega. "Osmunda. Zuri la picha hii ni kwamba," nasema, na maneno yanateleza yenyewe kama yalivyozoea, "ni kwamba ni picha nzuri."

Sahani inatokea mkononi mwangu, imefunikwa. Naiweka chini.

"Zuri ni kwamba, hongera."

Sahani nyingine. Naiweka juu ya ile.

Ko.

Nikaona hapo nikiendelea kutafuta maneno nitajaza uwanja vyombo. Nikaacha kutafuta. Nikafanya kile ninachokiweza, nikaangalia. Nilimwangalia Mama Kandida kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka pale ambapo jiwe lilikuwa limefika, magotini, bila haraka, kama vile nina siku nzima.

"Zuri," nasema, "ni kwamba hukumwita. Mtu akiitwa anajipanga. Huyu hajajipanga. Kanga imelegea begani, kwenye kidole kuna unga, na mdomo umeshacheka kabla macho hayajamaliza kumtambua mgeni. Ulikaa pale ukamsubiri. Wengine sisi tungesema mama hebu simama vizuri."

Kule nyuma ya nyumba kugonga kunasimama. Fundi anasikiliza.

"Kasoro ni mkono. Huo ni wa kushoto. Mama yako hakuwahi kumpa mtu kushoto. Uligeuza picha kwa sababu mimi nilisema aangalie ndani, na mimi nilisema ili nionekane nimesema. Halafu wiki mbili zilizopita nimeuona, mkasi uko mkononi, na wewe ukaniambia unamwona kama si yeye, na mimi nikakuambia picha nzuri. Macho yako hayakuchoka, Osmunda. Yalikuwa yanaona."

Macho hayo yananiangalia. Kibanio cha bluu kinatetemeka mdomoni mwake, na kwa sauti nyembamba kama ya mbu kinasema, "Dawa."

"Dawa ni kuigeuza tena. Aangalie nje. Nilidhani kule nje hakuna kitu kwa sababu mimi sikukiona. Kule ndiko mgeni alikokuwa anatokea."

Kibanio kinadondoka. Osmunda anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena, anajaribu taya.

"Siku kumi na nne, Winfrida."

"Ndiyo."

"Siku kumi na nne namlilia mama na simpati usoni. Usiku najiambia nimeshamsahau. Mama yangu mzazi, miezi miwili tu."

"Ndiyo. Najua."

"Hujui," anasema. Anapangusa mikono kwenye gauni. "Shika upande ule."

Nashika kona moja ya uwanja, yeye anashika nyingine. Ni mzito, una nyumba ndani. Tunauinua kama watu wawili wanaogeuza godoro lililoanikwa juani, tunahesabu moja, mbili, tunaupindua. Jiko linarudi kwenye jiko. Mgomba unatikisa majani. Jino langu linarudi mahali pake na linauma vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Mama Kandida sasa ameshika mwimo wa mlango kwa kushoto, na kulia kuko huru. Kitu cha kwanza anachofanya ni ishara ya msalaba, halafu nyingine, halafu nyingine, upesi upesi, kama mtu aliyefika kisimani ana kiu. Halafu anageuza uso kuelekea ukingoni, kule nje, na anaanza kutabasamu.

Kule ukingoni anatokea kuku.

Ni kuku mwekundu, mwembamba, anatembea kwa kujiamini kama yeye ndiye aliyealikwa. Anaelekea moja kwa moja kwenye rundo la sahani.

"Shee," Mama Kandida anasema, na anamfukuza kwa mkono wa kulia. "Shee, we kuku. Pisha wageni."

Kuku anapisha. Foleni inasogea. Bibi Editruda anatingisha vumbi la jiwe kwenye sketi yake, anakuja wa kwanza, anaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili na hauachii. "Sasa huyu ndiye Kandida," anawaambia watu walioko nyuma yake. "Yule mwingine sijui walimtoa wapi."

Zamu yangu inafika. Mama Kandida ananinyooshea mkono. Kwenye kidole kuna unga. "Shikamoo, mama," nasema, na nanyoosha wangu.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mimi nimepanga chumba ghorofani, juu ya duka la dawa, peke yangu. Simu ilikuwa juu ya kifua changu, ya moto kama kitu kilichotoka kutumika. Nikaiwasha ili nimwandikie Osmunda kabla woga haujarudi, maana nilijua ukirudi nitaandika kitu kingine.

Nikakuta nimeshamtumia ujumbe wa sauti. Saa kumi na moja na dakika nane alfajiri, sekunde sabini na mbili. Alama zake mbili zilikuwa za bluu, maana yake ameshausikiliza.

Nikausikiliza. Ilikuwa sauti yangu, nzito ya usingizi, haina haraka. Nilisema zuri, nikasema kasoro, nikasema dawa, sikuruka. Nilipofika kwenye yule mgeni nikauzima, kwa sababu nilikuwa naona aibu kujisikia.

Majibu ya Osmunda yalikuwa chini yake.

"Nimempigia fundi. Alikuwa ameshaweka marumaru mezani. Atasubiri picha nyingine."

Chini ya hapo, "Nina hasira na wewe. Leo usije. Kesho njoo."

Na meseji ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, simu ikatetemeka mkononi. "Halafu mama ulimrekodi lini anafukuza kuku?"

Nikaurudia ujumbe ule, safari hii mpaka mwisho. Baada ya neno langu la mwisho kuna kimya cha sekunde tatu au nne. Kisha, kwa mbali, kama mtu aliyesimama mlangoni na mimi niko uani, mwanamke anasema, "Shee, we kuku. Pisha wageni."